Mwanga wa Koti Jeusi

Nina stashahada ya utengenezaji wa video. Mama ameiwekea fremu na kuitundika sebuleni, juu ya redio, ili kila mgeni aione kabla hajaketi. Na bado, asubuhi ile katika duka la kukodisha vifaa, nilisimama mbele ya rafu za taa kama mtu aliyeingia msibani asikomjua aliyekufa.

"Unataka ipi?" mwenye duka aliuliza.

"Nzuri."

"Zote nzuri. Unapiga nini?"

"Koti."

"Koti lina mtu ndani au halina?"

Hilo sikuwa nimelifikiria. Nilimgeukia mwenzangu tuliyesoma naye, ambaye sote tunamwita Chaji kwa sababu hajawahi kuingia nyumba ya watu bila kuuliza soketi iko wapi. Hakunisaidia. Alikuwa anabonyeza swichi za taa asizozijua, akijipofusha na kucheka peke yake.

Mwenye duka akaanza somo. Kuna taa bapa za LED, zenye vijibalbu vingi vilivyojipanga kama punje kwenye gunzi. Mwanga wake mpana, mpole, kivuli chake hakina kingo. Kuna taa za LED zenye jicho moja tu, kubwa, katikati. Mbele ya hizo unaweza kufunga kichwa cha freneli, yaani mkebe wenye lenzi nene iliyochongwa miduara ndani ya miduara, kama maji yaliyotupiwa kokoto yakagoma kutulia. Sogeza lenzi huku, mwanga unakusanyika. Sogeza kule, unatawanyika. Halafu vichwa vyenyewe vina vikubwa na vidogo, vya kioo na vya plastiki, na kila kimoja kina pete yake ya kufungia.

"Ukikosea pete," alisema, "umekodi sufuria."

Niliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa. Tukachukua taa bapa, taa ya jicho moja, na kichwa kimoja cha freneli, cha kioo. Nilijiambia nitachagua nikifika.

Kazi yenyewe ilikuwa ya nyumbani. Baba Mdogo, mdogo wa baba yangu, ni fundi wa makoti. Chuo cha ufundi kilikuwa kinatafuta mwalimu wa kushona kwa mkono, na kila mwombaji alitakiwa apeleke video fupi akiwa kazini. Binti yake mkubwa hakutaka hata aombe. Sisi tunamwita Meneja, kwa sababu hata kwenye harusi ya wengine yeye ndiye anayepanga viti. Mkono wa kulia wa baba yake ulikuwa umeanza kutetemeka, na Meneja alitaka duka lifungwe, mzee ahamie kwake, ale kwa wakati, alale kwa wakati. Walibishana mpaka majirani wakachagua upande. Mwishowe wakaafikiana: chuo kikimkubali, ataendelea na kazi, kikimkataa, cherehani inafunikwa na hakuna neno tena.

"Weka taa laini," Meneja aliniambia kwenye simu. "Mpige kwa mbali. Mikono usiilete karibu. Umenisikia, mdogo wangu?"

"Nimekusikia, dada."

Kumsikia nilimsikia.

Duka la Baba Mdogo ni chumba kimoja chenye dirisha pana upande wa jua la asubuhi. Kuna meza ya kukatia, cherehani, pasi, na sanamu ya kuvishia nguo isiyo na kichwa. Siku ile sanamu ilikuwa imevaa koti jeusi la sufu alilolishona kwa ajili ya video, mkono mmoja ukiachwa aupachike mbele ya kamera. Mwenyewe alitupokea na kastabini kidoleni.

"Karibuni. Msinikanyagie chaki."

Tukawasha taa bapa. Uso wa Baba Mdogo ukanawiri, makunyanzi yakakimbia, akawa kijana wa kuposa. Koti likatoweka. Kwenye kioo cha kamera palikuwa na mzee mtanashati aliyekumbatia shimo.

"Koti langu liko wapi?" aliuliza, akichungulia.

"Lipo, Baba Mdogo."

"Mbona silioni?"

"Ni jeusi."

"Najua ni jeusi, nimelishona mimi."

"Tuweke freneli," Chaji akadakia. Akakinyakua kichwa na kukishika kwa mikono miwili mbele ya taa bapa. Hakikubadilika kitu, ila ndani ya lenzi vijibalbu vilionekana vimevimba kama macho ya nzi. "Bosi, hii imekufa?"

"Haijafa. Umeiweka kwenye taa siyo. Hiyo ina macho mia, freneli inataka jicho moja."

Nilifurahi kujua walau jambo moja siku ile.

Tulikifunga kwenye taa ya jicho moja, pete ikakubali, nikashusha stendi hadi mwanga ukaja kwa ubavuni na kutambaa juu ya kitambaa. Hapo nyuzi zikaamka. Mshono wa begani ulionekana una mgongo wake na kivuli chake, na upindo wa kola ulijikunja kama mdomo wa mtu anayetaka kusema. Baba Mdogo aliinamia kioo cha kamera.

"Hivi ndivyo ninavyoliona mimi," alisema. "Hivi hasa."

Kisha akanyanyua sindano. Ukutani, nyuma yake, kivuli cha mkono wake kilisimama, kikubwa kama mlango, na mlango ule ukaanza kutetemeka.

Sote tulikiona. Hata yeye. Akairudisha sindano kwenye kitakia.

"Zimeni," alisema. "Kesho."

Nilizima taa kichwa kikiwa kimejaa ukungu. Mwanga laini unauficha mkono, lakini unaificha na kazi. Mwanga mkali unaionyesha kazi, lakini mkono nao unaanikwa. Chuoni walitufundisha kukadiria nguvu ya taa. Hawakutufundisha nani umsikilize. Chaji alikifungua kichwa cha freneli, kilikuwa cha moto, akakisimamisha kwenye kizingiti cha dirisha kipoe. Tukafunga mlango.

Kesho yake tulimkuta Baba Mdogo ameketi kwenye kiti cha wateja, mahali ambapo sijawahi kumwona ameketi. Meneja alikuwa amesimama, mikono kiunoni. Kifuani mwa koti, juu kidogo ya mfuko, palikuwa na tundu la kuungua, dogo kama kifungo cha shati.

"Pasi," Meneja alisema kabla hatujasalimiana.

"Nilipiga pasi kola," Baba Mdogo alisema. "Alfajiri. Kola tu. Nikatoka kununua uzi, nikarudi, nikakuta hivi. Kifuani sikufika."

"Una uhakika, baba?"

Aliitazama pasi. "Nadhani."

Neno hilo lilinichoma. Huyu ni mtu ambaye ukimuuliza urefu wa mkono wako anakutajia bila tepu na bila kukuangalia vizuri. Sikuwahi kumsikia akisema nadhani.

Niliichukua pasi nikaigeuzageuza. Uso wake ulikuwa mpana, tundu lilikuwa dogo. "Pasi gani inachoma kama kifungo?"

"Ncha ya pasi," Meneja alijibu, na jibu lilikuwa na akili. "Leo koti. Kesho chumba, na yeye yumo ndani." Sauti ilimkatika hapo. Nikagundua kwamba muda wote tuliomwona mkali alikuwa anaogopa.

Baba Mdogo alivua kastabini, akaiweka mezani taratibu, kama anamlaza mtoto.

"Chuo waambieni sileti kitu," alisema. "Twende, mwanangu."

Akatoka na binti yake, akatuachia ufunguo.

Tulikusanya nyaya. Chaji alilivua koti kwenye sanamu, akaisukuma sanamu ukutani, akavuta meza tupate nafasi. Baada ya muda akanusa. "Bosi, nani anachoma nywele?"

Na kweli, palinuka nywele zinazoungua, na sufu ikiungua hunuka hivyohivyo. Nilishika pasi: baridi, waya wake umezungushwa vizuri. Chaji alishika taa zote: zimezimwa. Nilipekua koti: tundu ni lilelile, halijapata mwenzake. Tukawa tunazunguka chumba kile tukinusa kama paka waliopotezwa, mpaka nikadhani nami akili imeanza kuhama, kwamba labda ni maradhi ya chumba chenyewe.

Ndipo nilipoiona. Mezani, kwenye kipande cha sufu kilichobaki wakati wa kukata, palikuwa na nukta nyeupe ya mwanga, ndogo kuliko ukucha, na kutoka hapo moshi mwembamba ulipanda kama uzi unaovutwa na mtu asiyeonekana. Nilipitisha kiganja juu yake. Nikaruka.

Niliufuata mwanga kinyumenyume: nukta, hewa yenye vumbi, lenzi ya freneli dirishani, jua.

"Chaji. Hiki kichwa jana ulikiweka wapi?"

"Hapohapo."

"Na sanamu ilikuwa wapi?"

Akaangalia dirisha. Akaangalia mahali meza ilipo, ambapo sanamu ilikuwa imesimama. Akaniangalia mimi. "Mama yangu wee," alisema, akaketi sakafuni, juu ya chaki.

Nilimpigia Meneja. Nilieleza kwa haraka, nikarudia. Nilisikia kijiko kikigonga kikombe. Alikuwa anamkorogea baba yake chai.

"Sikiliza, mdogo wangu," alisema kwa sauti ya chini. "Usimwambie. Miaka yote namwomba apumzike, hataki. Leo amekubali mwenyewe, bila ugomvi. Mwache aamini ni pasi."

"Lakini si pasi, dada."

"Kwani utapungukiwa nini? Na wewe umenusurika."

Nilikata simu nikiwa nimechanganyikiwa kuliko nilivyochanganywa na rafu zote za taa. Meneja hakuwa na ubaya. Kijiko kile kilikuwa cha mtu anayempenda baba yake. Na mimi nilipewa njia safi ya kutoka: kosa langu linavaa koti la mwingine na kwenda zake. Lakini nilimfikiria Baba Mdogo kwenye nyumba ile, akiamka kila siku na kujiuliza ni kipi kingine amekifanya na kukisahau. Hata kujimwagia maji angeogopa.

Nilikwenda kwa Meneja kwa miguu, nusu nikikimbia, Chaji nyuma yangu. Alikuwa kitandani, amevaa, anatazama dari. Meneja alisimama mlangoni.

"Si pasi, Baba Mdogo," nilisema. "Ni lenzi yetu. Tuliiacha dirishani, jua likapita ndani yake likakusanyika kwenye koti. Kosa ni letu. Nisamehe."

Alitaka nieleze tena, polepole. Nikaeleza.

"Kwa hiyo kola nilipiga," alisema, "kifuani sikufika."

"Hukufika."

"Nilisema."

"Ulisema."

Aliketi. "Viatu vyangu viko wapi?"

Tulirudi dukani wote wanne, Meneja nyuma. Baba Mdogo alilitandaza koti juu ya meza. "Mmelichoma," alisema. "Sasa mtapiga nikilitibu. Chuo wakaone hilo. Mkono wa koti kila mtu anapachika." Alifumua upindo wa ndani, akachomoa nyuzi ndefu za sufu ileile, akaziweka kando. Angelitililia lile tundu, yaani afume nyuzi upya, uzi kwa uzi, mpaka kitambaa kifunge.

"Taa laini," Meneja alisema. "Kama tulivyokubaliana."

Nilimtazama Baba Mdogo.

"Usiniangalie," alisema. "Taa unajua wewe. Mimi najua koti."

Hapo ndipo nilipochagua. Niliiacha taa bapa ndani ya mfuko wake. Nilifunga freneli kwenye taa ya jicho moja, nikaishusha chini, ubavuni, nikaukusanya mwanga, nikasogeza kamera hadi mikono ikajaa kioo. Meneja alivuta pumzi kwa meno.

Sindano ilipanda ikitetemeka. Ukutani kivuli kilitetemeka nayo, na sikukikwepa. Ilishuka ikitetemeka njia nzima. Ilipogusa kitambaa, ikatulia. Ikapita. Ikatoka upande wa pili, ikatetemeka hewani, ikarudi, ikagusa, ikatulia. Hivyo, hivyo, muda mrefu. Chaji alisahau kuuliza betri. Tundu lilipungua, likawa punje, likawa kivuli cha punje. Mwishowe nilizungusha taa pande zote nikilitafuta mahali lilipokuwa, sikulipata.

"Na mkono, Baba Mdogo?" nilimuuliza nikiwa nyuma ya kamera.

"Hewani acha ucheze," alisema, akikata uzi kwa meno. "Hewani sishoni."

Nilipeleka video jinsi ilivyo. Chuo hakijasema ndiyo. Kimesema aje Jumatatu na sindano yake, awaonyeshe wanafunzi hilo la kutililia. Tangu jana anapiga pasi suruali moja, na pasi hiyo anaichomoa mwenyewe na kutuonyesha waya.

Meneja hasemi nami. Ameandika kwenye kundi la familia kwamba nimeuanika ugonjwa wa baba yake mbele ya watu baki, wakati aliniambia waziwazi mikono nisiilete karibu. Mama alinipigia leo mchana. "Mwombe radhi dada yako, mwanangu, yaishe. Neno moja tu."

Nilimwambia nililomwambia, na narudia hapa. Kwa tundu la koti niliomba radhi uso kwa uso, na Baba Mdogo alinipa rundo la makoti ya zamani nifumue, na nimefumua mpaka vidole vimeota sugu. Hilo lilikuwa langu, nimelibeba. Ila kwa kichwa cha freneli, kwa stendi niliyoishusha, na kwa mikono ile kujaa kioo mbele ya yeyote atakayetazama, siombi radhi.