Tupa Kwenye Lenzi ya Baba

Mpigapicha alijua mambo yameharibika mara tu alipoona unga wa chuma umetapakaa kwenye meza ya kulia chakula nyumbani kwa mama yake. Kando yake ilikuwepo tupa, na mdogo wake wa kiume, aliyeitwa Bingwa tangu anatambaa, alikuwa anapuliza kitu kiganjani.

"Umefanya nini?"

"Karibu, dada! Tazama, sasa inaingia kwenye kamera yangu."

Ilikuwa lenzi ya marehemu baba yao, nzito, ya chuma, ya kuzungusha kwa mkono, aliyopigia watu picha maisha yake yote katika studio nyuma ya duka la vitambaa. Yeye, binti, ndiye aliyemshikia taa. Ndiye aliyefundishwa kuizungusha taratibu mpaka kope za mtu zionekane mojamoja. Bingwa hakukanyaga pale; alisema dawa za kusafishia picha zinamchefua.

Aliipokonya, akaigeuza. Kimkono cha nyuma, kile kinachofunga na kufungua tundu la mwanga, kilikuwa kimekatwa. Ukingo ulikuwa umeliwa kama umetafunwa na panya. Damu ikampanda kichwani.

"Kuna pete, Bingwa! Unaifunga kati ya lenzi ya zamani na kamera ya kisasa. Hukati kitu, hukwangui kitu. Niliiagiza, iko mkobani mwangu sasa hivi!"

"Ningejuaje?"

"Ungeuliza! Mdomo si unao?"

"Ah, dada nawe. Kioo kikuukuu, unapiga kelele kama nimechinja mtu."

"Nani alikupa?"

Bingwa akatupa macho jikoni. Mama yao alikuwa amesimama mlangoni, akijifuta mikono.

"Mimi nilimpa. Ndiye mtoto wa kiume. Vitu vya baba yake ni vyake."

"Mama, nani alikuwa naye kazini?"

"Wewe, mwanangu. Lakini wewe una kwako."

Maneno hayo yalimkwangua kuliko tupa. Akatoa pete, akaifunga kwenye lenzi, kisha vyote kwenye kamera yake. Vikashika barabara.

"Si unaona inafanya kazi?" Bingwa akasema.

"Nyamaza! Mama, kaa hapo dirishani."

"Sasa hivi? Hata sijajitengeneza."

"Kaa."

Mama akakaa. Binti akazungusha. Kwa kuwa tundu halikufungika tena, lenzi ilishika sehemu ndogo tu ya uso: jicho lilipokuwa safi, sikio lilikuwa ukungu tayari. Akaendelea mpaka kope zikajitokeza, na nyuma yake macho makavu, yasiyomwomba radhi mtu. Akapiga. Kisha akaitumbukiza lenzi mkobani.

"Hiyo ni yangu," Bingwa akasema.

"Njoo uichukue."

Bingwa hakusogea.

"Mwanangu, usiondoke na hasira," mama akasema.

"Naondoka nayo, mama. Na lenzi pia."

Akaubamiza mlango hadi vikombe vikagongana kabatini. Bingwa alimpigia simu wee, akachoka. Siku ya kliniki ya mama ilipofika, binti alimpeleka kama kawaida. Walipokuwa kwenye foleni ya dawa, mama akakohoa kidogo.

"Ile picha yangu ilitoka?"

"Ilitoka."

"Utanionyesha?"

"Sijui," binti akajibu, akasogea mbele.