Kiatu cha Dirishani

Mama mkwe wake aliingia dukani akamtazama kama anavyotazamwa mtu asiyejulikana. Hilo walikuwa wamelipanga. Jana yake, wakichambua mboga jikoni, mama alimwambia kwa sauti ya chini kwamba angekuja kama mtu baki.

"Nikikuita mwanangu mbele ya tajiri wako, atasema umenituma," alisema. "Acha mimi nidai haki yangu, wewe ulinde kazi yako."

Ilikuwa kazi ya kulindwa kweli. Tangu karakana ya mumewe ifungwe, kila sahani iliyoliwa nyumbani kwao ilitoka katika duka hili la viatu. Mama alilijua hilo. Jambo ambalo hakulijua ni nani hasa anayemlinda, na ndilo lililomfanya mkwe wake akeshe akitazama dari.

Duka lilikuwa refu na jembamba, rafu zimepanda hadi juu, na kati yake benchi la kujaribia viatu. Ukutani, nyuma ya kaunta, palikuwa na kibao: MALI IKITOKA HAIRUDI. Mbele kabisa palikuwa na dirisha kubwa la kioo lililopigwa na jua la mchana. Humo vilipangwa viatu vya bei kubwa, kimoja kimoja, vyote vya mguu wa kushoto, maana mwizi hana la kufanya na kiatu kimoja. Vya kulia vilikaa gizani ndani ya maboksi. Ikitakiwa jozi ya mwisho, muuzaji alikitoa cha dirishani, akakipaka kiwi pale kilipopauka, akakirudisha kwa mwenzake. Wao waliita kazi hiyo kuoanisha. Muuzaji mwenzake, aliyebandikwa jina la Redio kwa kuwa hazimiki, alikuwa na mzaha wake: ndoa za duka hili hazina talaka. Akisema hivyo alikionyesha kibao kwa kidevu, nao wakacheka. Hakuna aliyewaza kwamba gundi nayo huzeeka juani. Au pengine waliwaza, wakaona si kazi yao kuwaza.

Mama mkwe alikuwa mkunga. Miaka yake yote ya kazi alivaa raba za bei ya chini, akaapa kwamba siku atakayowaaga wenzake wodini atavaa ngozi halisi. Akaja hapa kwa sababu mkwe wake yupo hapa. Mguu wake ni mdogo, na kwa saizi yake ilibaki jozi moja tu. Mkwe akaioanisha kwa mikono yake mwenyewe, akakisugua cha kushoto hadi kikang'aa, akampa mama huku akitabasamu.

Mama alivivaa siku ya kuagwa, na kesho yake. Kesho yake hiyo, akishuka ngazi za nyumbani na mjukuu kifuani, soli ya kushoto ilifunguka kama mdomo ikanasa kwenye ngazi. Mama alijipindua hewani ili aanguke yeye chini na mtoto juu. Mtoto hakupata hata mkwaruzo. Mkono wa mama sasa ulikuwa umefungwa bendeji. Mchuma janga hula na wa kwao, na huyu alikuwa amewalisha mama mkwe na mwanawe wa kumzaa kwa kijiko kimoja.

Tajiri alikiinua kiatu, akakigeuza taratibu. Hakuwa mtu wa makelele. Muuzaji aliyekuwepo kabla yao alifukuzwa kwa sauti ya kumbembeleza mtoto, akaombwa aache aproni yake msumarini. Kwa sauti hiyohiyo sasa alimweleza mama kwamba anakanyaga upande. Kiatu kingekuwa kibovu, vingekufa vyote viwili, na cha kulia si hiki hapa, kizima?

"Baba, miguu hii naitembelea tangu wewe hujazaliwa," mama alimjibu. "Haijawahi kunikosea."

Tajiri akakionyesha kibao. Mama akasema amekisoma, na kwa maoni yake kibao hicho ni cha mtu aliyebadili mawazo tu, si cha mtu aliyeuziwa kitu kisichofanya kazi yake. Risiti anayo. Amekwisha kuuliza kwenye ofisi inayotetea walaji, akaambiwa avipeleke viatu vyote viwili vilivyo, visiguswe na fundi yeyote, wavikague. Ila ameona ni uungwana kuanza hapa.

Aliposikia habari ya kukaguliwa, tajiri alitabasamu. Akasema basi watamsaidia, bure kabisa. Akavichukua viatu vyote viwili, akampa mkwe, akamsindikiza hadi mlango wa stoo. Pale akainamisha kichwa.

"Kibandike. Kipake kiwi nje na ndani, rangi zilingane. Akikipokea kimetengenezwa, hana kesi tena."

Mkwe aliingia stoo akiwa amevikumbatia viatu kama vitu vilivyoibwa. Redio alikuwa humo, na kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha. Alisukuma kopo la gundi mbele yake.

"Bandika, shoga. Usijitie kitanzi. Gundi hiyo itamfikisha nyumbani."

"Na kesho?"

Redio akajitia kupanga maboksi.

Chini ya taa, ndani ya kiatu cha kulia bitana ilikuwa ya kahawia iliyoiva. Ya kushoto ilikuwa imepauka kama jani kavu. Hata mtoto angeona. Akafungua kopo, harufu ikampanda puani. Alichovya brashi, gundi ikadondoka mezani. Aliziona ngazi za nyumbani, moja baada ya nyingine. Akamwona mumewe mezani, ameshika kijiko, mbele yake sahani tupu. Hakujua kipi kinamtisha zaidi.

Mlango haukufungwa vizuri. Akamsikia tajiri akiuliza, polepole, kama anayeuliza habari za mvua, kama mama anamkumbuka muuzaji aliyemhudumia. Ni yule binti aliyeingia ndani?

"Wala sikumbuki," mama alisema. "Nyote mnavaa aproni za rangi moja."

Mwanamke huyu aliwahi kumrudisha mwanawe mwenyewe njiani, siku mvua inanyesha, kwa sababu muuza nyanya alimzidishia chenji. Sasa alikuwa anasema uongo dukani, mkono wake umefungwa bendeji, kwa ajili ya mtu aliyemwangusha.

Brashi ilirudi ndani ya kopo. Alitoka na viatu, akaviweka juu ya kaunta, vinywa juu, kimoja kando ya kingine.

"Tajiri, hiki siwezi kukibandika. Kilikaa dirishani tangu mwaka juzi. Mimi ndiye niliyekitoa, nikakipaka kiwi, nikakiuza kama kipya."

"Unajua unasema nini?"

"Najua. Na huyu ni mama mkwe wangu. Alipoanguka, alikuwa amembeba mwanangu."

Mama alifumba macho kama mtu anayesikia chungu kikipasuka chumba cha pili.

"Kikulacho ki nguoni mwako," tajiri alisema, kwa upole uleule.

Kwenye benchi palikuwa na mzee mnene aliyekuwa akijaribu viatu, mguu mmoja umeingia, mwingine bado. Taratibu aliuchomoa ule ulioingia. Akauliza, samahani, katika hivi vyake, kilichokaa dirishani ni kipi?

Tajiri alimtazama mzee, akalitazama dirisha, akavuta droo. Alimrudishia mama pesa yake. Mama aliipokea, akashukuru, akaenda zake. Hakumwita mtu mwanangu.

Mchana wote mkwe alisubiri kuambiwa aiache aproni msumarini. Aliambiwa avitoe viatu vyote vya dirishani, akavitoa. Zaidi ya hapo hakuambiwa kitu. Jioni, tajiri akiwa ameinama anafunga kufuli, mkwe alishindwa kuvumilia.

"Nije kesho?"

Tajiri aliijaribu kufuli kwanza. "Njoo. Ila kuanzia kesho, anayerudisha kiatu atakuja kwako, si kwangu. Ukimlipa asiyestahili, nakata kwenye mshahara wako."

Akasema sawa. Kazi ilikuwa imebaki, na alingoja moyo utulie. Haukutulia. Barabarani watu walikuwa wanarudi makwao, naye akajikuta haangalii nyuso bali miguu. Hakuwahi kujua ni jozi ngapi alizozioanisha, wala zilikwenda kwa nani. Upande wa pili mwanamke mwenye viatu vyeusi vya ngozi alianza kushuka ngazi za benki, anaongea na simu, hatazami anapokanyaga. Mkwe alisimama akamwangalia, ngazi kwa ngazi, hadi mguu wake wa mwisho ulipogusa lami.

Kisha akamwona mwingine.