Kidevu cha Mfalme Karlo

Harusi ya Zuleikha ilivunjwa na mfalme wa Uhispania aliyekufa karibu miaka mia tatu iliyopita, na aliyemleta mfalme huyo Malindi ni babake Zuleikha mwenyewe.

Mbaruk alikuwa mpishi wa mjane mmoja wa Kizungu aliyejenga nyumba ufuoni, nje kidogo ya mji. Bibi yule, ambaye Mbaruk alimwita Memsab, alitoka Austria, hakuwa na mtoto wala mgeni, na hakuwa na habari nyingine ila ya wafalme wa kwao: nani alimwoa nani, nani alimkimbia nani, nani alilia nyuma ya pazia. Yeye akila anasimulia, Mbaruk akipakua anasikiliza. Baada ya Alasiri Mbaruk huketi barazani kwa jirani yake Kiponda, muuza kahawa, akayasimulia yote upya kwa chumvi na pilipili zake. Mwaka ule wa themanini na nne watu waliacha bao wakaja kumsikiliza.

Siku ya Karlo walijaa mpaka wengine wakasimama.

"Babake Karlo alikuwa na mwana," Mbaruk alianza. "Akamposea binti wa dada yake, yaani binamu wa kijana. Kijana akafa. Baba mtu afanyeje? Akamwoa yeye huyo binti!"

"Mpwa wake? Astaghfirullahi!"

"Mpwa wa toka nitoke! Na mababu zao vilevile, wao kwa wao, ili ufalme usitoke nje. Ndipo akazaliwa Karlo. Taya limetokeza, meno hayakutani, chakula hakitafuniki. Kaoa mara mbili, hakupata hata mtoto mmoja. Alipokufa watu wakapigania kiti chake."

"Hicho kidevu kilikuwa kirefu kiasi gani?" Kiponda akauliza.

Hapo Mbaruk angenyamaza. Lakini vicheko vilikwisha kumlevya.

"Mwamjua Athman, mwana wa kakangu? Basi mwongezeeni vidole viwili."

Baraza zima likaangua kicheko. Athman hakuwapo. Naye ndiye aliyekuwa amemposa Zuleikha, na nikaha imewekwa Mfunguo Mosi, mwezi wa baada ya Ramadhani. Babake Athman, Abdalla, alikuwa kaka wa Mbaruk, tumbo moja, na shamba la minazi la marehemu baba yao kule Mambrui hawakuwa wameligawa. Watoto wakioana, shamba litabaki moja. Ndivyo walivyofanya wazee, na ndivyo Mbaruk alivyomwoa Shekha, binti wa ami yake.

Asubuhi Zuleikha alimwekea babake mbaazi, akasimama palepale.

"Baba, Athman simtaki."

"Una wazimu? Si ulikubali?"

"Nilikubali kabla sijajua. Jana nilikuwa dirishani."

"Ile ni hadithi, mwanangu!"

"Kila siku wasema si hadithi, ni kweli tupu, hata picha zao umeziona kwa Memsab."

"Wale walioa wapwa! Kwetu haramu. Binamu ni halali."

"Sijasema haramu. Lakini wewe na mama ni binamu. Babu na bibi, binamu. Sasa na mimi. Si ndivyo ulivyosema, mababu wao kwa wao?"

"Na wewe una nini? Taya lako liko wapi?"

"Mimi sina kitu. Na wale kaka zangu wawili?"

Shekha alikuwa anakaanga mahamri. Akaipua karai, akaiweka chini. Wale wavulana walizaliwa kabla ya Zuleikha. Mmoja hakumaliza arubaini. Wa pili alifika mwaka bila ya kuweza kuinua shingo. Katika nyumba ile hawakuwa wakitajwa.

"Shekha, mwambie mwanao ilikuwa kudra ya Mungu."

"Ilikuwa kudra," Shekha akasema. "Lakini kama hataki, usimlazimishe."

Mbaruk alitoka hajala. Njia nzima alikuwa akijibizana na watu wasiokuwepo. Kwa Memsab hakungoja hata kuvaa aproni.

"Memsab, hakuna mfalme aliyeoa binamu akapata watoto wazima?"

Bibi akacheka. "Wengi! Viktoria, malkia wa Waingereza. Yeye na mumewe binamu, pendana sana. Watoto tisa, wote kuwa watu wazima."

Tisa! Mbaruk akabandika supu ya mchana, akaiacha mekoni, akaenda Mambrui kwa kaka yake.

Abdalla alimpokea mlangoni, hakumkaribisha ndani.

"Shikamoo, kaka."

Abdalla hakuitika.

"Sikiliza, kaka. Yuko malkia mmoja wa Waingereza—"

"Kumbe bado unao wengine?"

"Huyu ni mzuri! Ana watoto tisa—"

"Mwanangu alipita sokoni kwenu asubuhi hii kununua misumari. Watoto wakamwandama: 'Karlo! Karlo! Leo meno yamekutana?' Amerudi bila misumari."

"Nilitania tu, kaka. Ami hawezi kumtania mwanawe?"

"Mtanie usoni pake. Wewe umemuuza kwa kikombe cha kahawa." Abdalla akamsogelea. "Na hebu niambie. Kidevu kile amekitoa wapi?"

Mbaruk akarudi hatua moja nyuma.

"Ni cha baba. Cha baba yetu, Mbaruk. Umemcheka marehemu barazani."

Athman akatokea ndani, akapita baina yao. "Shikamoo, ami," akasema, akaenda zake.

"Zuleikha nitazungumza naye," Mbaruk akasema. "Atakubali tu, ni utoto."

"Usizungumze naye. Kawaambie watu sisi ndio tuliokataa."

Mlango ukafungwa. Mbaruk akasimama juani na malkia wake mdomoni, hana wa kumsimulia.

Basi haya ndiyo yaliyompotea. Nikaha haikufungwa. Kwa ile supu iliyoungua bibi alimfukuza kazi. Shamba liligawanywa mbele ya kadhi: minazi ya upande wa kisimani akapewa Abdalla, ya mchangani akapewa Mbaruk. Athman alihamia Kibarani, Kilifi, akaoa huko, na ami yake hakualikwa. Shekha alianza kuwataja wale wavulana kwa majina yao kila Ijumaa, na Mbaruk hakuweza kumnyamazisha. Na kaka yake, aliyekuwa naye mmoja tu, hajamwitikia salamu mpaka leo.