Siku Hakimu Alipokuja Kuona Vumbi

Mimi ni msusi, na mtaani wananiita Spika kwa sababu nikikasirika sinong'oni. Basi niacheni niseme. Tangu ule mjengo wa ghorofa uanze nyuma ya ukuta wetu, sijawahi kusuka kichwa kikabaki cheusi mpaka mwisho. Naanza na binti, namaliza na bibi kizee. Mashine za kukata mawe zinaanza kulia kabla chai haijapoa, saruji inamwagwa kavu kutoka juu, na vumbi lote linaingia kwetu bila hata kupiga hodi.

Lakini nywele huoshwa. Kilichonitoa roho ni kifua cha mama mkwe wangu.

Mimi humwita Mama. Yeye huniita mwanangu akiwa na furaha, na akiwa hana huniita "wewe mke wa mwanangu". Tunagombana kila siku, hasa juu ya chumvi, na nampenda kuliko ninavyoweza kusema bila kulia. Alianza na kikohozi kidogo. Kikawa kikubwa. Ikafika mahali akipanda vidaraja vitatu vya mlangoni anashika ukuta na kupumua kwa mdomo. Daktari hakuzunguka: ama vumbi liondoke, ama yeye aondoke.

Kampuni inayojenga ilipoambiwa ikacheka. Mwana mkubwa wa Mama, yaani shemeji yangu, aliposikia akaja na gari kutoka mbali anakoishi. Mume wangu, dereva wa malori, alikuwa safarini, kwa hiyo kaka mtu akajifanya ndiye mwenye kauli.

"Mama, twende kwangu," akasema. "Huwezi kushindana na watu wenye kreni."

"Nyumba hii nimeijenga na baba yako," Mama akamjibu. "Maji ya kufyatulia matofali nilibeba kichwani, na wewe tumboni. Nihame kwa sababu ya nani?"

Wakabishana mpaka wakakubaliana hivi: kesi yetu ilikuwa imeshafika mahakamani, tukiomba mjengo usimamishwe. Hakimu akikataa, Mama anapanda gari na shemeji. Akikubali, shemeji anarudi peke yake. Mama alikubali kwa shingo upande. Mimi usiku ule sikula, maana niliona kabisa mwanamke yule akitolewa kwake ataisha hata kama hewa ya huko ni ya peponi.

Kesi ilikuwa ya nyumba zote za mstari wetu. Kidole kimoja hakivunji chawa. Wakili wetu alikuwa binti mwembamba, ukimwona unadhani upepo utamchukua, mpaka afungue mdomo. Wakili wa kampuni alikuwa baba wa suti ya kijivu, mtaratibu, ana tabasamu la muuza kitanda kibovu. Alisimama mahakamani akasema vumbi hakuna, eneo linamwagiwa maji kila siku, na sisi tunaona wivu wa maendeleo. Wivu! Mimi nilitaka kusimama, wakili wetu akanikanyaga mguu.

Hakimu, mama wa makamo mwenye miwani, akawasikiliza wote wawili. Kisha akafunga jalada. "Nitakwenda kuona mwenyewe," akasema.

Tulitoka pale tukipiga vigelegele. Mwenye macho haambiwi tazama. Wakili wetu akatuelekeza kila kitu: tusimkatize hakimu, tusipige kelele, tujibu tulichoulizwa. Jambo moja hakutuambia, kwa kuwa hakudhani kuna watu wazima wa kuambiwa jambo hilo.

Asubuhi ya siku yenyewe Mama aliamka akafunga kanga kiunoni. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," akasema. "Leo anaingia hakimu kwenye nyumba hii. Haya, ndoo!"

Jamani, tulisafisha. Nilipiga deki sebule mpaka ukiangalia chini unajiona. Mapazia yalifuliwa, vitambaa vya kochi vikapigwa pasi, meza ya kioo ikang'arishwa kwa gazeti. Mama mwenyewe, na kikohozi chake, alipanda kiti akafuta juu ya kabati ambako hata yeye hafuti sikukuu. Na si kwetu tu. Mtaa mzima ulikuwa unafagia. Fundi viatu wa nyumba ya pili, mjane ambaye tangu nimjue hajawahi kushika ufagio, alikuwa nje anaosha mpera jani moja moja kwa kitambaa.

Wakili wetu alifika mapema kidogo. Akasimama mlangoni. Akaangalia sakafu, akaangalia meza, akashika kichwa.

"Mmefanya nini?"

"Tumesafisha," nikasema.

"Hakimu anakuja kuona vumbi! Ushahidi uko wapi?"

Mama akajibu kwa fahari, mkono kiunoni: "Tumeutupa."

Ndipo tukaelewa. Shemeji, aliyekuwa kakaa kwenye kochi na funguo za gari mkononi, alitikisa kichwa polepole, na kwa mara ya kwanza nilitamani kumpiga mtu ambaye nimekatazwa na adabu kumpiga. Mama alikaa chini. "Nimejimaliza mwenyewe," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo mno.

Na kampuni nayo haikulala. Lori la maji lilikuwa limepita alfajiri, mjengo mzima umelowa, mashine kimya. Hakimu alipokuja na karani wake, tukamfuata kama msafara wa harusi iliyovunjika. Nyumba ya kwanza, safi. Ya pili, safi, na mpera unameremeta. Ya tatu, yetu. Wakili wa suti ya kijivu akapitisha kidole juu ya meza yetu ya kioo, akakiinua hewani mbele ya hakimu.

"Mheshimiwa, mimi kwangu hapako safi namna hii," akasema. "Hawa ndio watu wanaokufa kwa vumbi?"

Hakimu akamgeukia Mama. "Mama, vumbi mnalolalamikia liko wapi?"

Mama akainama. Mama, ambaye hajawahi kukosa jibu kwangu! Nikashindwa kujizuia.

"Mheshimiwa, tulifuta kwa sababu unakuja!" nikasema. "Ungekuja bila kutuambia ungelila! Wewe ukitembelewa na mkubwa hufagii? Na hao wamezima mashine leo makusudi. Waambie wawashe!"

"Wewe mama, hujaulizwa," hakimu akasema.

"Ndiyo, lakini—"

Mguu wangu ukakanyagwa tena. Safari hii wakili wetu akasema yeye. "Mheshimiwa, naomba aliyoyasema yawe ombi langu rasmi. Mahakama imekuja kuona kazi inavyoathiri nyumba hizi. Kazi yenyewe haijaonekana. Tunaomba iendelee, nasi tukae hapa hapa."

Suti ya kijivu ikatabasamu. "Ningefurahi sana. Bahati mbaya mafundi wamepewa mapumziko. Hakuna mtu kwenye mjengo."

Basi Mungu si mzee wa kampuni. Wakati ule ule, nyuma ya ukuta, ikasikika sauti nene ya mwanamume: "Kula hiyo! Kingi! Nimekwambia drafti huiwezi wewe!" Na kicheko cha watu wengi kikafuata.

Hakimu akavua miwani. "Hao ni kina nani?"

Suti ya kijivu ikakohoa bila vumbi. Karani akatumwa, akarudi na nyapara, yule msimamizi wa mafundi, kofia mkononi, mtu mnyoofu anayeonekana hajui kaitiwa nini. Hakimu akamwambia warudi kazini sasa hivi.

Nyapara akamwangalia wakili wake, akamwangalia hakimu, akauliza kwa heshima zote: "Tufanye kazi kama siku zote, mheshimiwa, au kama leo?"

Nilijifunika mdomo na kanga. Wakili wa kampuni alifumba macho.

"Kama siku zote," hakimu akasema. Akaketi kwenye kochi letu. Mama, kwa kuwa mgeni kaketi, akaenda kumletea chai.

Mwanzo haikuwa kitu, kelele tu. Maji ya alfajiri bado yalikuwa yanazuia. Lakini jua lilikuwa kali, na msumeno wa mawe haujali jana wala leo. Kisha juu wakaanza kupasua mifuko ya saruji. Tukaliona linakuja, wingu la kijivu linashuka juu ya ukuta, likajaa uani, likapita kwenye mapazia yaliyofuliwa. Likatua mezani. Likatua kwenye vitambaa vya kochi. Karani akafunika daftari lake. Wakili wa kampuni akafunika kikombe chake cha chai kwa kiganja, kisha pua, kisha hakujua afunike kipi. Mkuki kwa nguruwe.

Na Mama akaanza kukohoa.

Niliinuka kufunga madirisha.

"Kaa chini," akaniambia.

"Mama, utakufa!"

"Nitakufa kwangu. Acha wazi."

Nikachukua kitambaa angalau nifute pale mbele ya mgeni. Akanishika mkono. "Usifute," akasema. Ninyi hamumjui. Mwanamke huyu, mgeni akimkuta na sahani moja haijaoshwa, haongei siku nzima. Alikaa pale, hakimu mbele yake, nyumba yake inachafuka kitu kimoja baada ya kingine, na hakuinua mkono. Alikohoa mpaka machozi yakamtoka. Shemeji alikuwa amesimama, funguo zimemwanguka, anasema "Mama, Mama," kama mtoto.

"Inatosha," hakimu akasema. "Waambieni wazime."

"Bado," Mama akasema. Ilibidi atafute pumzi kabla ya kuendelea. "Mheshimiwa, samahani. Bado hujaona. Hapa ndipo inapoanza. Wao huacha jua likizama."

Nywele za hakimu zilikuwa zimeshakuwa za bibi kizee kama za wateja wangu. Akamwambia karani aende mwenyewe akazimishe mashine.

Kimya kilipoingia tulisikia kifua cha Mama tu, kinapiga filimbi. Nikampa dawa yake, akavuta, akatulia. Kisha akasema na wakili wa kampuni, si kwa ukali, kwa ile sauti anayotumia kwa watoto wa jirani.

"Mwanangu, hata sisi tulijenga. Jirani akianika nguo, mume wangu alikuwa anasubiri azianue ndiyo achanganye saruji. Ghorofa yenu jengeni, nani kawakataza?" Akachukua kitambaa mkononi mwangu, akamnyooshea. "Umesema nyumba yangu ni safi kuliko yako. Umesema mbele ya mahakama. Haya, nirudishie kama ulivyoikuta."

Hakuna aliyemsaidia yule bwana. Alimwangalia hakimu, hakimu akawa anafuta miwani yake. Akakipokea. Akainama na suti yake akafuta meza ya kioo, akaacha michirizi, na Mama akamwonyesha kwa kidole pale aliporuka. "Na hapo pembeni," akasema. Akafuta na hapo pembeni.

Uamuzi ulisomwa mahakamani wiki ile ile. Mjengo usimame. Usianze tena mpaka uzungushiwe turubai toka chini hadi juu, mawe yakatwe yakiwa yamelowa, na mtu wa mahakama aje kukagua siku ambayo hataitaja kwa yeyote, hata kwetu. Hapo hakimu alinitupia jicho. Kampuni imekata rufaa. Ikate. Wakili wetu anasema itachukua muda, na sisi tuna muda, tumezaliwa hapa.

Mama kifua hakijapona. Daktari anasema sehemu yake imeharibika na haitarudi, na nikilifikiria hilo natamani kuwasha mimi mwenyewe ile mashine mbele ya mlango wa mwenye kampuni. Lakini anapanda vidaraja vyake bila kushika ukuta. Siku ile ya hukumu alimsindikiza shemeji hadi kwenye gari. Shemeji akamfungulia mlango wa mbele, nadhani kwa mazoea, au alikuwa bado na tumaini. Mama akaufunga.

"Nenda salama, baba," akamwambia. "Mke wako mwambie asinitandikie kitanda."