Nyuma ya Basi la Bibi Honi

Bibi Honi hakuwa mtu wa kushangazwa ovyo. Aliendesha basi la shule, na mtu anayeshinda na watoto wa watu, wengine wanalia, wengine wanatapika, ameshaona mengi. Jina hilo alipewa na watoto wenyewe, maana mkono wake haukukauka kwenye honi. Kwake dunia ilikuwa na makundi mawili tu: watoto waliomo ndani ya basi, na wendawazimu waliobaki, ambao sijui ni nani aliyewapa leseni. Aliwapigia honi wa mbele, wa nyuma na wa pembeni, na siku akiamka vibaya aliwapigia hata walioegesha.

Kwa hiyo meneja wa usafiri alipowakusanya madereva uani, akawaambia kampuni iliyotengeneza mabasi yao imeyaita yote yakaguliwe kwa sababu taa za tahadhari zina hitilafu, Bibi Honi alicheka. Taa hizo ni zile nyekundu za mbele na za nyuma, zinazowaka na kuzima basi likisimama, ili magari ya pande zote yangoje mtoto avuke. Alisema mabasi ya wengine huenda yakawa mabovu, lakini lake analikagua mwenyewe kila asubuhi.

Fundi aliyetumwa na kampuni, mtu mnene asiye na maneno mengi, hakubishana naye. Alimwomba tu alisogeze basi mbele, mbali na ukuta.

Hapo pana jambo la kueleza. Katika uwanja ule mabasi yalilala makalio ukutani, karibu kabisa, ili asubuhi yatoke moja kwa moja bila kuhangaika. Na ukaguzi ulifanywa hivyo hivyo. Dereva anabonyeza swichi, na shangazi wa basi, ndivyo watoto walivyomwita mama anayewapandisha na kuwashusha, anasimama mbele, anaona taa zinapepesa, ananyanyua kidole gumba. Za nyuma angeziona nani, mjusi? Za nyuma zilikuwa na kitaa chake kidogo kwenye dashibodi, na kitaa hicho kikishakonyeza, kila mtu aliridhika akaenda zake kunywa chai.

Bibi Honi akasogeza basi, akabonyeza swichi, kitaa kikakonyeza kama kawaida yake. Fundi akamwita nyuma. Taa za nyuma zilikuwa zimezima tuli. Akarudi kwenye usukani kutazama kitaa, kinapepesa. Akazunguka tena nyuma, hakuna kitu. Fundi akamweleza taratibu kwamba kisanduku kinachoendesha taa hizo hufa kikiingia maji, ila kitaa cha ndani huendelea kuwaka, hakina habari. Kwa kutu aliyoiona, taa zilikufa tangu mvua zilipoanza. Mvua zenyewe zilikuwa zimeshaisha.

Bibi Honi akakaa juu ya tairi bovu. Kituo cha mwisho cha njia yake kilikuwa kilimani, kwenye barabara ya malori, mbele kidogo ya kona. Hapo hushuka mtoto mmoja tu, akavuka kwenda nyumba ya upande wa pili. Mtoto huyo alikuwa mjukuu wake, binti wa mwanawe, wa darasa la kwanza, ambaye hata siku moja hajavuka barabara kwa haraka. Huvuka akirukaruka, begi likimpiga mgongoni. Kila alasiri Bibi Honi alimtazama akienda, moyo umetulia, akijua kwamba nyuma yake taa nyekundu zimewazuia wendawazimu. Kumbe hapakuwa na taa. Alikuwa akimtoa mtoto barabarani hivi hivi, siku baada ya siku. Sasa ni nini kilichomzuia asife? Alitafuta jibu akalikosa, na kulikosa kukamtisha kuliko jibu lolote ambalo angepewa.

Vipuri havikutosha mabasi yote. Cha basi lake kingefika kesho, na magari ya kukodi siku ile hayakupatikana. Meneja akaamua watoto warudishwe na basi hilo hilo, pikapu ya fundi ifuate nyuma ikiwa imewasha taa zake za hatari. Bibi Honi akasema usukani apewe dereva wa akiba. Yeye atapanda pikapu, aone kwa macho yake.

Ndivyo alivyoliona basi lake kwa nyuma likiwa safarini, kwa mara ya kwanza. Mtu alikuwa amechora kwa kidole kwenye vumbi lake uso wa mwanamke mwenye mdomo mpana kama beseni, na hakuhitaji kuambiwa ni nani. Siku nyingine angetafuta mkosaji. Siku ile alitazama taa tu, zile taa zilizokufa, na kila basi liliposimama akashika mpini wa mlango. Vituo vya mitaani vilipita salama. Pikapu ilikaa nyuma kama ngao, magari machache yakangoja.

Walipofika kwenye mzunguko wa kuingilia barabara ya malori, lori la mchanga likajipenyeza kati ya basi na pikapu.

Lori lile Bibi Honi alilijua, na dereva wake alishambatiza jina Kiburi bila kumwona sura. Miezi yote hiyo lilimganda nyuma kilimani, na kila aliposimama kituo cha mwisho, aliliona kwenye kioo limejilaza katikati ya barabara kama la kwake peke yake. Kila siku akiondoka alimwachia honi ndefu ya kumfunza adabu. Akamwambia fundi ampite huyo haraka. Fundi akasema haiwezekani, njia nyembamba, na mbele ni kona.

Basi likapotelea kwenye kona, lori likafuata. Pikapu ilipokata kona, basi lilikuwa limeshasimama na mlango umeshafunguliwa. Bibi Honi akaruka chini kabla pikapu haijatulia, akakimbia kupanda kilima, kiatu kimoja kimemtoka.

Kisha akaona, na mbio zikamwisha.

Lori lilikuwa limesimama mbali na basi, limekaa mshazari, limeziba barabara hata baiskeli isipite. Dirishani ulitoka mkono mtupu, umenyooshwa, kiganja kimewaelekea walio nyuma. Akageuka. Nyuma ya pikapu magari yalikuwa yamesimama moja baada ya jingine, na wengi walikuwa wamezima injini. Mwenye pikipiki aliyebeba trei za mayai ameshusha mguu chini. Mama mmoja katika gari dogo anafuta miwani yake. Foleni ilishuka mpaka kwenye kona na kuendelea huko nyuma yake, kwa watu ambao hawakuliona basi wala mtoto, ambao waliona tu wa mbele amesimama, nao wakasimama. Hakuna aliyepiga honi. Kulikuwa kimya kiasi kwamba alivisikia viatu vya mjukuu wake vikidunda kwenye lami. Mwili ulimsisimka. Hajawahi kuona kitu kikubwa namna ile, na kilifanyika kila siku nyuma ya mgongo wake.

Akasogea mpaka kwenye mlango wa lori. Kiburi alikuwa mzee mwenye ndevu za mvi, amevaa fulana iliyotoboka begani.

"Baba, unafanya hivi tangu lini?"

"Tangu taa za basi lile zizime, mama."

Alimweleza bila kumtazama, macho yako barabarani. Mwanzoni alimmulikia taa dereva ili ajue, akajibiwa kwa honi. Akapita shuleni akamwambia mlinzi. Mlinzi akamletea jibu kwamba dereva amesema taa zinawaka, anaziona kwenye dashibodi. Bibi Honi alilikumbuka jibu hilo, na maneno mengine aliyomwongezea mlinzi.

"Nikaona yule mama kuelewa kutachukua muda," mzee akasema. "Na mtoto anavuka leo."

"Na hawa wote?"

"Siku za kwanza walinitukana. Siku hizi nikichelewa, huyo wa mayai ndiye anayesimama hapa."

Bibi Honi akasema, "Yule mama ni mimi."

"Subiri kwanza," mzee akasema. "Hajafika."

Wakamtazama wote wawili. Mtoto akafika, akagonga geti, akafunguliwa, geti likafungwa. Ndipo mkono ukarudi ndani, na injini zikaanza kuwaka, moja, nyingine, mpaka kule chini kwenye kona. Lori likajinyoosha likaondoka. Bibi Honi alibaki palepale katikati ya barabara, mguu mmoja peku, machozi yanamtoka, anawatazama mmoja mmoja wanavyompita kwenda zao, sura ambazo hajawahi kuziona.

Mwenye mayai akapunguza mwendo alipomfikia.

"Mama, sogea pembeni tafadhali," akamwambia. "Hapa kuna mtoto huwa anavuka."