Dereva katika Filamu ya Ndalahwa

Kila Jumapili baada ya misa ya pili, watu wa mtaa wetu wa Buswelu tulijaa kwenye banda la video la Ndalahwa. Filamu za kigeni alizitafsiri papo hapo kwa kipaza sauti, na kila mhusika alimpa jina la mtu aliyeketi mbele yake. Kutajwa ilikuwa heshima. Aliyetajwa alipigiwa makofi.

Jumapili hiyo aliweka sehemu moja ya mfululizo wa zamani wa upelelezi, wa magari marefu na simu za kuzungusha. Hakuwa ameitazama kwanza. Tajiri alipotokea na dereva wake, Ndalahwa akamwona Luhaga kwenye benchi la mbele.

"Huyu dereva ni Luhaga wetu," alisema. "Mtazameni anavyofuta kioo, utadhani anakwenda kuposa."

Tulicheka, Luhaga akituzidi sote. Yeye aliendesha lori la marehemu Yeremia, aliyekutwa anaelea ziwani Kigongo walipokuwa safarini pamoja. Daktari alisema ni moyo. Mjane wake, Mama Wilhelmina, alimwachia Luhaga lile lori, na kwa usukani huo Luhaga alilisha watoto wake.

Katikati ya filamu, tajiri akakutwa amekufa mtoni. Kicheko kikapungua. Mwishoni mpelelezi, mzee mnene aliyekula machungwa muda wote, alikusanya watu sebuleni akamnyooshea kidole dereva.

Ndalahwa akasema huyo si Luhaga, ni pacha wake. Hakuna aliyecheka. Dereva alikuwa anafungwa pingu.

Wiki hiyo jumuiya ilisali nyumbani kwa Mama Wilhelmina. Mtu mmoja akawaombea wote wanaoficha damu mioyoni mwao, bila kumtaja yeyote, na sote tukamwomba Bwana atusikie. Baada ya sala, mama alimwomba Luhaga funguo za lori.

"Mama, ile ilikuwa filamu."

"Najua, mwanangu. Ila hata yule tajiri alimwamini dereva wake."

Luhaga aliziweka mezani kando ya rozari. Hakungoja chai.

Jumapili iliyofuata Ndalahwa aliirudia filamu ileile, kwa kuwa waliokosa walikuwa wameiomba. Safari hii dereva alimwita Antoni, na mtaani kwetu hakuna Antoni. Banda zima likamsahihisha kwa sauti moja: "Luhaga!"

Ndalahwa akakiinua tena kipaza sauti. Kisha akaendelea na jina hilo mpaka kwenye pingu.