Pua ya Dada

Daktari aliponifunga mishipa ya koo kwa mipira midogo, dada yangu mkubwa alinichukua nikae kwake. Akaniwekea sharti moja: nikionja pombe tu, nitalala nje. Kila asubuhi, kabla sijaenda kwenye karakana yangu ya makochi, ananisimamisha mlangoni.

"Pumua."

Napumua. Ananusa weee, kisha ananipisha. Nilikuwa mlevi, sikatai. Pombe ndiyo iliyoharibu ini langu mpaka mishipa ya koo ikavimba na kupasuka. Lakini niliacha. Kumwambia dada hivyo ni kumpigia mbuzi gitaa.

"Mlevi haachi, anapumzika tu," husema, tena mbele ya wateja wangu.

Nilimchukia. Sisemi kwa mzaha.

Siku moja choo changu kikatoka cheusi kama lami. Daktari alishatuonya: kikiwa cheusi hiyo ni damu, njooni siku hiyo hiyo. Nikavuta maji haraka. Dada ndiye anayeikalia kadi ya hospitali, na nikiiomba atasema nimekunywa. Tena nikajipa moyo: koo si limefungwa? Damu itoke wapi?

Kesho yake nikaanguka juu ya kochi la mteja, misumari ingali mdomoni. Dada alipofika hakuuliza naumwa wapi. Alipiga magoti akaninusa.

"Ananuka! Si nilisema?"

"Hiyo gundi, mama," mteja akamwambia. "Kochi zima linanuka hivyo."

Hospitali wakaniteremshia kamera kooni hadi tumboni. Daktari alirudi uso umemkunjamana.

"Koo liko salama. Linalovuja damu ni tumbo. Tulipoziba njia ya juu, msukumo wa damu ukazidi kwenye ukuta wa tumbo. Hutokea kwa wenye ini kama lake. Choo hakikubadilika rangi?"

"Kwa hiyo hakunywa?" dada akadakia.

"Tumempima, hana pombe. Ila mmechelewa, mama. Mmechelewa sana."

Dada akanigeukia, machozi yanamtoka na hasira haijamtoka.

"Mbona hukusema, wewe? Mbona hukuniambia?"

"Ningesema kwa mdomo gani?"

Sauti yangu ilikuwa imekwisha, hakunisikia. Akainama karibu na midomo yangu anisikilize, na pua ikatangulia.